Mwenda Jean-Bosco: gitare moja, mikro moja, na wimbo wenye ulitoka Likasi

Mu muji wa Likasi leo, vijana wengi wanafanya muziki mu chumba chao cha kulala. Ordinatere moja, karte ya sauti ndogo, mikro moja, matela yenye imesimamishwa ku ukuta ili sauti isirudi-rudi. Wakikutana, mazungumzo ni juu ya vyombo: nani ana mikro gani, nani alinunua bafle gani ku Lubumbashi, programu gani ni nzuri kwa miksaji. Wengi wanazania kama wangekuwa na vyombo vya Ulaya, nyimbo zao zingefika mbali.

Lakini kuko wimbo wenye ulitoka mu huu muji na ukafika mbali sana, na haukutoka mu studio hata kidogo. Ulirekodiwa mu mwezi wa 2 mwaka wa 1952, wakati Likasi ilikuwa ingali inaitwa Jadotville. Gitare moja, mikro moja, bila miksaji. Wimbo unaitwa Masanga. Mwenye alipiga alikuwa kijana wa miaka kama 22, jina lake Mwenda Jean-Bosco. Maisha yake yanaonyesha kitu gani kinabeba wimbo, na pia kitu gani kinafanya wimbo usipotee.

Mutoto wa Bunkeya

Mwenda alizaliwa mu mwaka wa 1930 ku Bunkeya, kijiji kikubwa cha Bayeke, kaskazini ya Likasi. Kila mutu wa Katanga anajua hilo jina. Bunkeya ilikuwa muji mukubwa wa mfalme Msiri, mwenye asili yake ilikuwa upande wa Wanyamwezi, mu inchi yenye leo inaitwa Tanzania. Msiri alifanya biashara ya shaba na pembe za tembo kufikia pwani ya mashariki, mupaka wakati aliuawa na watu wa msafara wa Stairs tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka wa 1891. Jina Mwenda ni la ile nyumba ya ufalme. Wafalme wa Bayeke wanalibeba mupaka leo. Kwa hiyo kijana mwenye alikuwa anatembea na gitare mu barabara za Jadotville hakuwa mutu bila ukoo. Alikuwa na jina zito mbele hajagusa uzi hata mmoja.

Jadotville ilikuwa muji wa kazi. Kompani ya Union Minière ilikuwa na viwanda ku Shituru na ku Panda, na mugodi wa Kambove haukuwa mbali. Wafanyakazi walitoka Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini, na vijiji vya Katanga yenyewe. Kila mutu alikuja na luga yake na ngoma zake. Mu makambi watu walijifunza kuongea Kiswahili juu bila hicho jirani hawezi kuelewana na jirani. Kiswahili hicho ndicho Mwenda alitumia mu nyimbo zake nyingi, na baadaye ndicho kilimufungulia mulango wa Afrika ya Mashariki.

Muziki pia ulikuwa unaingia kutoka pande zote. Sahani za Cuba, zenye alama GV, zilianza kuuzishwa mu Afrika tangu miaka ya 1930, na watu wa Congo walizipenda sana. Kulikuwa filme za cowboy, na wazungu wenye kupiga gitare juu ya farasi. Kulikuwa nyimbo za kijiji, za Bayeke, za Basanga, za Balamba, na za upande wa ngambo, ku Rhodesia ya Kaskazini. Mwenda alisikiliza vyote. Mwenye kusikiliza nyimbo zake leo atasikia Cuba kidogo, cowboy kidogo, na chini kabisa namna ya kijiji ya kuchanganya midundo.

Namna yake ya kupiga ilikuwa ya vidole viwili: kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba ilitembea chini, ku nyuzi nzito, bila kusimama. Kidole cha shahada kilicheza juu, na mara nyingi hakikuanguka fasi moja na gumba, kiliangukia katikati. Ndiyo sababu mutu akifunga macho anazania kuko gitare mbili. Hii namna haikuwa ya Mwenda peke yake. Wapiga gitare wa Katanga wa ile miaka, kama vile kuzeni wake Edouard Masengo na Losta Abelo, walikuwa mu njia moja naye. Lakini mikono ya Mwenda ilikuwa safi kupita kawaida: kila noti inasikika peke yake, hakuna yenye kufunika ingine.

Mugeni mwenye mikro

Mu 1952 mugeni mumoja alipita mu Jadotville na motokari yenye kubeba mashini za kurekodi. Aliitwa Hugh Tracey. Alizaliwa Uingereza mu 1903, na mu 1921 alikuja Rhodesia ya Kusini kulima tumbaku. Kule alianza kupenda nyimbo za wafanyakazi wa shamba, na kidogo kidogo akaacha kila kitu ili arekodi muziki wa Afrika. Alipenda zaidi muziki wa asili kuliko gitare za muji, na watu wengine wanamulaumu juu ya hilo mupaka leo. Lakini aliposikia Mwenda anapiga mu barabara, alisimama.

Namna Tracey alirekodi inaomba kuelezwa vizuri, juu inagusa moja kwa moja kazi ya wenye studio za nyumbani. Mashini zake ziliomba umeme, na kwenye alikuwa anapita mara nyingi umeme haukuwa. Kwa hiyo alitembea na gurupu. Wakaaji wa Likasi wanajua gurupu ni nini: wakati SNEL inakata, gurupu inawaka, na kelele yake inaingia mu kila kitu. Tracey alikuwa na shida hiyohiyo. Dawa yake ilikuwa umbali. Gurupu iliwekwa mbali sana na wanamuziki, na kable ndefu ilileta umeme mupaka ku mashini. Hakukuwa programu ya kuondoa kelele kisha kurekodi. Kelele yenye iliingia ku mikro ilikuwa imeingia kwa siku zote.

Kiisha, mikro. Tracey mara nyingi hakuiweka ku mguu wa chuma na kuiacha pale. Alizoea kuishika ku mukono, karibu na wanamuziki, na kuisogeza sawa vile mutu wa kamera anasogeza kamera. Mwimbaji akianza, mikro inaenda kwake. Chombo kikijibu, mikro inarudi ku chombo. Kama ngoma ilifunika sauti, mupiga ngoma aliombwa arudi nyuma hatua kadhaa. Hiyo ndiyo ilikuwa miksaji: ilifanywa na miguu ya wanamuziki na mukono wa mwenye kurekodi, mbele ya bande kuanza kuzunguka. Kisha pale hakuna mutu angeweza kupandisha gitare au kushusha sauti, juu vyote vilikuwa mu njia moja tu ya sauti.

Kwa Masanga kazi ilikuwa rahisi na ngumu pamoja. Rahisi, juu hakukuwa mwimbaji wala ngoma: mu ile rekodi ya 1952 Mwenda alipiga gitare tu. Ngumu, juu gitare ikiwa peke yake hakuna fasi ya kuficha kosa. Mikro ikiwa karibu sana ku tundu la gitare, nyuzi nzito zinavimba na gumba inakula kila kitu. Ikiwa mbali sana, kidole cha shahada kinapotea mu upepo na mu kelele ya barabara. Mu rekodi yenye ilibaki, vidole vyote viwili vinasikika sawasawa. Mutu mwenye kupima leo kurekodi gitare ya nyuzi ku nyumba anaweza kuanzia hapo: kabla ya kununua mikro ingine, asogeze yenye anayo. Sentimetre kumi mbele, sentimetre kumi nyuma, kidogo ku upande wa shingo ya gitare, na kila mara asikilize mu kaske. Mara nyingi shida ambayo watu wanapima kutengeneza saa tatu mu ordinatere inaisha mu dakika tano kwa kusogeza kiti.

Kuko jambo lingine. Mikro za kondensa, zenye vijana wengi wanatafuta juu zinaonekana mu video za wasanii wakubwa, zinasikia kila kitu: jogoo wa jirani, motokari, mvua ku manjanja, na gurupu. Mu chumba kisichofungwa vizuri, mikro ya kawaida ya kushika mukononi, ya namna ya dinamike, yenye kusikia zaidi kitu cha karibu, inaweza kuleta kazi safi kuliko kondensa ya bei kubwa. Chombo kinachaguliwa kufuatana na fasi yenye kitatumika, hakichaguliwi kufuatana na sifa.

Dakika tatu ku sahani

Rekodi za Tracey zilipelekwa Afrika Kusini, ku kompani ya Gallo, na zikauzishwa ku sahani zenye alama ya Gallotone. Zilikuwa sahani za wakati ule, zenye kuzunguka mara 78 mu dakika moja, nzito, na zenye kuvunjika zikianguka. Upande mumoja wa sahani ya inchi 10 ulibeba karibu dakika tatu. Kwa hiyo mwanamuziki alipaswa kufikiri wimbo mbele: unaanzia wapi, unageuka wapi, unaishia wapi. Masanga haina hata sekunde ya bure. Mwenda anaingia, anabadilisha kitu kidogo, anarudi, anabadilisha tena, na mutu hajachoka wimbo umeisha.

Kazi ya kutoa sauti ku bande na kuiweka ku sahani ndiyo babu wa kile vijana leo wanaita masteringi. Ilikuwa na sheria zake. Uzito wa chini ukizidi, njia yenye inachongwa ku sahani inakuwa pana sana, sindano inaruka, na dakika zinapungua. Sauti ikiwa dogo sana, kelele ya sahani yenyewe inaifunika. Fundi alipaswa kutafuta katikati. Rekodi yenye ilifika kwake ikiwa na kipimo kizuri tangu mwanzo ilimurahisishia kazi. Rekodi mbaya ilibaki mbaya.

Leo ordinatere inaruhusu kila kitu, na hapo ndipo hatari iko. Mu studio nyingi za nyumbani, masteringi imekuwa kazi ya kupandisha nguvu tu: limita inasukumwa mupaka wimbo unakuwa ukuta mumoja. Kama ingefanywa hivyo kwa Masanga, gumba na kidole cha shahada vingekuwa na nguvu moja, na ile hisia ya gitare mbili ingekufa palepale, juu inaishi mu tofauti kati ya noti nzito na noti nyepesi. Tena kazi hiyo ni ya bure. Majukwaa makubwa ya intaneti yenye kuuza muziki yanapima nguvu ya kila wimbo na kuushusha ukipita kipimo, kile cha karibu LUFS 14 chini ya sifuri. Mwenye kuponda wimbo wake ili usikike kuliko wa wengine, jukwaa linaurudisha chini, na kuponda kunabaki.

Sahani ya Masanga ilienda mbali. Mu 1952 ilipata zawadi ya Osborn, yenye ilitolewa kwa muziki bora wa Afrika wa ule mwaka. Ilipigwa mu nyumba na mu baa, kutoka Katanga mupaka Rhodesia, Tanganyika, Kenya na Uganda. Iliwekwa pia ku sahani ndefu yenye iliuzishwa Ulaya, mu mfululizo wa Tracey. Mu 1961 na 1962, mwalimu mumoja wa muziki, David Rycroft, aliandika Masanga noti kwa noti mu gazeti la African Music, ili kueleza namna mutu mumoja anaweza kupiga midundo mingi pamoja. Kijana wa barabara za Jadotville akawa somo la chuo kikubwa, na hakuna mutu alikuwa amemufundisha mu shule ya muziki.

Nairobi na kurudi

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwenda alienda Nairobi. Kule hakukaa miaka mingi, lakini alama yake ilibaki. Alikuwa na kipindi chake ku radio, na sauti yake ya Kiswahili cha Katanga iliingia mu nyumba za watu wenye hawajawahi kuona Congo. Masengo naye alifanya kazi kule. Wapiga gitare wa Kenya, zaidi wale wa upande wa magharibi, walikaa karibu na radio wakitafuta kuelewa vile gumba inatembea. Kizazi kizima cha gitare ya vidole mu Kenya kilikunywa ku kisima hicho.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba walijifunza kwa masikio tu. Hawakuwa na video ya kupunguza mwendo. Walikuwa na radio ndogo, yenye bafle moja, yenye sauti ya chini kidogo na ya juu kidogo. Hata hivyo walisikia kila noti, juu muziki wenyewe ulikuwa umepangwa vizuri. Fundi mwenye akili wa leo anafanya vilevile: akimaliza miksaji mu kaske na mu bafle nzuri, anachukua telefone ya kawaida, anaiweka ku meza, na anasikiliza. Kama wimbo unaeleweka pale, utaeleweka mu taksi-bisi na mu baa. Kama hauelewiki pale, wasikilizaji wengi wa Likasi hawatauelewa, juu ndivyo wanasikiliza.

Mwenda alirudi nyumbani. Katanga ilikuwa inapita mu nyakati ngumu: uhuru wa Congo tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka wa 1960, kisha Katanga kujitenga kuanzia tarehe 11 mwezi wa 7 ule mwaka mupaka mwanzo wa 1963. Mu 1966 Jadotville ilipata jina la Likasi. Mu ile miaka yote, Mwenda hakuishi kwa gitare peke yake. Alifanya kazi mu benki, akafanya kazi mu kompani ya madini, akaongoza vikundi vya muziki, na baadaye akawa na hoteli ku Musoshi, karibu na mupaka wa Zambia. Wengi watashangaa kusikia kwamba mutu mwenye sahani zake zilisikilizwa mu inchi nyingi alikuwa na kazi ya ofisi. Lakini wanamuziki wa Likasi wa leo, wenye kufanya biashara muchana na studio usiku, hawatashangaa.

Mu 1969 alialikwa Marekani, ku tamasha kubwa la Newport, fasi yenye wapiga gitare wa dunia nzima wanaota kupanda. Kisha mu miaka ya 1970, wakati wa siasa ya authenticité ya Mobutu, majina ya kikristo yalikatazwa mu Zaïre. Rekodi zake za baadaye zinamuita Mwenda wa Bayeke.

Muziki pia ulikuwa umegeuka. Gitare za umeme na orkestra za Kinshasa zilijaza radio. Namna ya vidole viwili ilionekana kuwa ya wazee. Mu mwaka wa 1979, Muingereza John Low alikuja mupaka Lubumbashi kutafuta wapiga gitare wa Katanga wa zamani ili ajifunze kwao, na mu 1982 alitoa kitabu juu ya ile safari, Shaba Diary. Mu ule mwaka wa 1982 Mwenda alipiga Ujerumani, na mutafiti Gerhard Kubik alikamata picha za mikono yake akipiga. Hizo picha ni za maana sana: leo mutu anaweza kuona kwa macho kitu chenye wapiga gitare wa Kenya walipaswa kukisia kwa masikio.

Mu 1988, Mwenda aliingia mu studio kule Afrika Kusini. Alikuwa na miaka 58. Zilikuwa zimepita miaka 36 tangu ile rekodi ya barabara ya Jadotville, na sasa vyombo vyote vilikuwa pale. Alipiga na vidole vyake viwili, sawa siku zote. Ile albamu ilitoka mu 1994 mu Marekani, ku kompani ya Rounder. Mwenyewe hakuiona. Alikufa mu ajali ya motokari mu mwezi wa 9 mwaka wa 1990, akiwa na miaka 60.

Bande ziko wapi?

Ulizo lenye linabaki ni hili: kama kijana wa Likasi anataka leo kusikia Masanga ya 1952, yenye ilipigwa mu muji wake, aende wapi? Bande haiko Likasi. Haiko Lubumbashi. Tracey alianzisha mu 1954 nyumba ya kulinda muziki wa Afrika, yenye inaitwa ILAM, na mu 1978, kisha kifo chake mu 1977, ilihamishwa ku Chuo Kikuu cha Rhodes, mu muji wa Afrika Kusini wenye leo unaitwa Makhanda. Kule ndiko kazi zake zinalindwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, Michael Baird, mwanamuziki mwenye alizaliwa Zambia na mwenye kuishi Uholanzi, alichukua rekodi za Tracey na kuzitoa upya ku CD, moja ikiwa ya gitare za Congo ya kusini na Zambia ya kaskazini, na Mwenda yumo.

Kufufua bande za zamani ni kazi ya subira. Mwendo wa mashini ukiwa na kosa kidogo, gitare yote inapanda au inashuka. Mungurumo wa umeme unaweza kupunguzwa, lakini mupepeo wa bande ukisafishwa sana, unaondoka pamoja na ule mulio mwembamba wa ukucha ku uzi. Fundi muzuri anaacha kelele kidogo ili muziki ubaki. Ni somo moja kwa mwenye kutumia programu ya kuondoa kelele mu chumba chake: kelele ndogo yenye haisumbui ni afazali kuliko gitare yenye imekufa.

Watu wengi wanaona uchungu kwamba mali ya Likasi inalindwa mbali. Uchungu huo ni wa haki. Muziki ulitoka mu mikono ya Mukongo, mashini na kompani zilikuwa za wengine, na mutoto wa hapa anapaswa kutafuta wimbo wa babu yake mu inchi ya kigeni. Lakini kuko upande wa pili. Masanga ingali iko juu mutu alifanya kazi ndogo isiyo na sifa: aliandika. Jina la mupigaji, jina la wimbo, chombo, luga, muji, mwezi, mwaka. Bila ile karatasi, bande ingekuwa sauti ya gitare isiyo na mwenyewe, kati ya maelfu ya bande zingine.

Leo vyombo viko Likasi. Kijana mwenye ordinatere na mikro moja ana nguvu kuliko zile mashini zote ambazo Tracey alibeba mu motokari. Hakuna haja ya kungojea mugeni apite. Lakini mu ordinatere nyingi za studio za nyumbani, nyimbo zinaitwa final, final 2, final ya kweli. Hakuna jina la mupiga gitare, hakuna tarehe, hakuna jina la mwimbaji wa pili. Siku diski inakufa, au SNEL inarudi na nguvu kupita kiasi na kuchoma mashini, nyimbo za miaka mitano zinaenda mu saa moja, na hakuna mutu hata anajua zilikuwa ngapi.

Kazi ya kuepuka hilo haiombi feza nyingi. Kila wimbo ukiisha, uandikwe: nani alipiga, nani aliimba, nani alirekodi, fasi gani, tarehe gani. Nakala moja ibaki ku ordinatere, moja ku diski ya inje yenye inawekwa ku nyumba ingine, na moja ku intaneti kama kuko uwezo. Sauti kamili ilindwe, si ile ndogo ya kutuma ku WhatsApp tu. Wapiga gitare wazee wenye wangali wako mu makambi ya Panda na Shituru, ku Kambove na ku Bunkeya, wengine hawajawahi kukaa mbele ya mikro hata mara moja. Kwao inatosha kiti kimoja, mikro moja, saa moja ya asubuhi wakati muji haujaanza kupiga kelele, na mutu mwenye kuandika majina yao vizuri.